Jiko la Chuma na Moto wa Kuomba

Watu wa Kisumu hunicheka nikiwaambia kwamba kuna miaka nililipwa kutunza moto wa kuota. Hapa mjini mtu hulala akitafuta upepo wa ziwa, nani aote moto? Lakini ukipita Muhoroni, ukayaacha mashamba ya miwa ya tambarare nyuma yako na kuanza kupanda upande wa milima, mwezi wa saba utavaa sweta mchana na hutaona aibu.

Huko juu kulikuwa na nyumba ya mawe iliyojengwa na mzungu wa miwa. Alipoondoka, akainunua mzee mmoja Mjaluo aliyekuwa karani kwa miaka mingi. Nilipofika, mwishoni mwa miaka ya themanini, mzee alikuwa ameshazikwa mbele ya nyumba, na mjane wake alikuwa anaketi ndani kwenye kiti cha mikono, dirishani, mahali ambapo angeliona kaburi bila kugeuza shingo. Mimi niliajiriwa kukaa naye. Aliyeniajiri ni mwanawe, muuza spea za magari Kisumu. Alinichukua Kombewa, kwetu Seme, kwa sababu mtu alimwambia kwamba mimi ni mpole na sina mtoto wa kunirudisha nyumbani. Maneno yote mawili yalikuwa kweli, ingawa la pili halikuwa sifa.

Mama, kwa maana ndivyo nilivyomwita, hakuniita kwa jina. Aliniita nyar Seme, binti wa Seme, kama wanawake wanavyoitwa kwetu kwa upande walikotoka. Tuliongea Kijaluo. Naandika Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishwa kuandika kabla sijaacha shule darasa la saba, na mahali nitakapoharibu, lawama iwe yangu, si yake.

Sebuleni kulikuwa na meko ya mawe ukutani, na ndani ya mdomo wa meko mzungu alikuwa amesukuma jiko la chuma, sanduku zito lenye mlango wa mbele na bomba fupi linaloingia kwenye chimni. Juu ya mlango kulikuwa na fimbo ya chuma ambayo ukiivuta nje, njia ya moshi inafunguka, na ukiisukuma ndani, inafungwa. Sisi tuliiita mkia. Mlango ulikuwa na kamba ya kuzibia pembeni, lakini kamba ilikuwa imeliwa na miaka, na pale ilipokatika jiwe la juu lilikuwa na alama nyeusi kama ulimi. Niliipangusa kila Jumamosi. Kila Jumamosi ilirudi. Sikujiuliza inatoka wapi. Nilidhani kazi yangu ni kupangusa.

Jioni Mama alinifundisha kulaza moto. Kwetu sote tulikua tukiona hivyo: mwanamke halali kabla hajafukia makaa kwenye majivu ili asubuhi ayafukue, apulize, moto uamke. Moto ukikufia, unachukua kigae na kwenda kwa jirani kuomba, na njiani kila mtu anajua kwamba umelala vibaya. Kwa hiyo tulifukia makaa ndani ya jiko la chuma vilevile. Wakati mwingine Mama aliniambia niongeze makaa ya gunia, yanakaa zaidi. Kisha mkia ulisukumwa ndani.

"Ukiuacha wazi," alisema, "joto letu linaenda kuwaotesha ndege."

Niliona anasema kweli. Madirisha nayo yalifungwa, kwa sababu upepo wa kule unapenya mpaka kwenye meno. Mama alilala chumba kilichopakana na sebule, mlango wazi ili joto limfikie. Mimi nilikuwa na chumba changu nyuma ya nyumba, karibu na jiko la nje, lile la mafiga matatu, lenye bati juu na nafasi kubwa kati ya ukuta na paa. Nikitoka kwake jioni nilipita uani peke yangu na taa ya chemni, na nikitazama chini upande wa tambarare sikuona mwanga wa nyumba yoyote. Miwa tu. Nilikuwa nimezoea ufuoni, ambako hata ukikohoa mtu wa nyumba ya tatu anakuambia pole. Huko juu nilikohoa na hakuna aliyejibu. Nilianza kujiambia pole mwenyewe, kwa sauti, nikaona aibu, nikaacha, nikaanza tena.

Mvua ndefu zilipofika Mama akaanza kuugua. Asubuhi kichwa kinagonga, tumbo linakataa chai, miguu haimbebi. Kufikia saa sita anakuwa nafuu, anadai uji, anaugombeza. Kesho yake tena.

"Malaria," alisema.

"Malaria," nilisema mimi.

"Malaria," alisema muuguzi wa zahanati, ambaye alimtoboa kidole, akaangalia, akasema wadudu hawaonekani lakini wanajua kujificha. Simlaumu. Sisi ni watu wa ziwa. Kwetu kichwa kikiuma ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na mara tisini kwa mia ndivyo ilivyo. Akatupa klorokwini. Mama alijikuna mwili mzima usiku na mchana kwa sababu ya zile dawa, na kichwa kikaendelea. Jambo moja nililiona na sikulisema: nikimgusa paji la uso lilikuwa baridi. Malaria gani isiyo na moto mwilini? Lakini mimi ni nani. Muuguzi ana cheti, mimi nina darasa la saba na mikono ya kukausha samaki.

Mwanawe alikuja Ijumaa moja ya mvua, na pikapu yake ikapasuka tairi hatua chache kabla ya lango. Aliingia na matope hadi magotini, akamsalimu mama yake, akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanifuata jikoni kwangu.

"Dada, niambie ukweli. Mama anakula nini?"

"Ugali, samaki nikipata, mboga, uji wa wimbi."

"Wewe unakula hicho hicho?"

"Hicho hicho."

"Na wewe huugui."

Hakuuliza. Alisema tu, akayaacha maneno yakae kwenye moshi kati yetu. Nataka kuwa wa haki kwake. Mama yake anadhoofika, na mtu pekee anayelala katika boma lile ni mgeni mwenye afya. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo, labda kwa ukali zaidi. Na jambo baya ni kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kujishuku. Wiki hiyo yote nilikuwa naonja chakula chake kabla ya kumpa, nachemsha maji mara mbili, nanusa sufuria. Nilikuwa nimefika mahali pa kujiuliza kama mtu anaweza kumdhuru mwenziwe kwa upweke wake, bila kutaka, kama vile maziwa yanavyochukua harufu ya chumba.

Baadaye akamwambia mama yake kwamba Jumamosi tairi likishatengenezwa wataondoka pamoja kwenda Kisumu. Mkewe ameshaandaa chumba.

"Chumba chenye nini?" Mama aliuliza.

"Kitanda kizuri. Stima. Hospitali iko karibu."

"Na baba yako atabaki na nani?"

"Mama, baba amekufa."

"Najua amekufa, nilikuwepo. Nimekuuliza atabaki na nani."

Kijana (namwita kijana, alikuwa na mvi) akakwangua matope yaliyomkaukia gotini. Mama akaendelea, bila kupaza sauti. "Nikitoka mimi, moto unatoka. Moto ukitoka, hapa ni gunda." Gunda ni boma lililohamwa, ambapo watu wengine huja kulima mahindi juu ya mahali palipokuwa na meko. "Unataka walime juu ya kifua cha baba yako?"

"Hakuna atakayelima."

"Mahindi hayaulizi ruhusa."

Hapo ndipo nilipoelewa wanabishania nini hasa. Mimi nikifukuzwa nitapata kazi nyingine, au nisipoipata, nitarudi Seme. Lakini huyu mwanamke akipandishwa kwenye pikapu, atakuwa amekizika kila kitu alichokuwa akikilinda kwa macho kutoka kwenye kile kiti. Na akibaki, ule ugonjwa usio na jina utamla.

Yule kijana alilala sebuleni kwenye kochi, karibu na jiko, kwa sababu ndipo palipokuwa na joto.

Asubuhi nilipoingia na chai nilimkuta ameketi, kichwa mikononi. Uso ulikuwa na rangi ya ugali wa jana.

"Hata mimi," alisema. "Imenishika. Kichwa hiki, wacha tu. Mbu wa hapa wana haraka."

Mama alitoka chumbani akijishikilia ukutani, mgonjwa kama yeye, na bado akapata nafasi ya kumcheka. "Unaona? Na wewe ulinywa nini?"

"Mama, sijanywa kitu. Sijagusa hata bia."

"Baba yako naye alikuwa hanywi."

Mwanawe akaenda nje kubadilisha tairi kwenye mvua nyepesi, akitapika kando ya lango mara moja. Nilimpelekea spana na kipande cha gunia cha kupigia magoti. Alifanya kazi polepole, halafu haraka. Alipomaliza kukaza nati ya mwisho alisimama, akanyoosha mgongo, akanitazama kwa mshangao.

"Kimeisha."

"Nini?"

"Kichwa."

 Nikasema, nikitazama chini: "Bwana, malaria haiji kwa usiku mmoja. Na haiondoki kwa tairi moja."

Hakucheka. Aliifuta ile spana kwa gunia. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetafuta kitu kwenye mfuko wake mwenyewe, kwamba miaka iliyopita mlinzi wa maduka karibu na duka lake aliingiza jiko la makaa dukani kwa sababu ya mvua, akafunga mlango. Asubuhi walimkuta amekufa, amekaa vizuri kama anayesubiri gari. Hakukuwa na moshi. Makaa yalikuwa mekundu, safi.

"Jioni mnafunga nini mle ndani?" akauliza.

"Madirisha. Na mkia."

"Mkia gani?"

Tuliingia. Nikamwonyesha fimbo ya chuma. Ilikuwa imesukumwa ndani mpaka mwisho. Aliinama, akafungua mlango wa jiko, akayafukua majivu kwa kijiti, na makaa yakatutazama mekundu, mazuri, bila moshi hata kidogo. Mimi ningeyasifu.

"Nani alifunga?"

"Jana Mama. Juzi mimi." Ilikuwa hivyo, na sikuona sababu ya kusema zaidi au pungufu.

Akafungua madirisha yote kwa nguvu mpaka moja likatoa bawaba. Upepo ukaingia, mapazia yakaruka, na Mama akapiga kelele kwamba mwanawe amekuja kumuua kwa baridi baada ya kushindwa kumwiba.

"Mama, hili jiko ndilo linakuua. Hewa ya makaa haina mahali pa kwenda. Inarudi kwako."

"Moshi naujua mimi kabla hujazaliwa. Moshi unauona."

"Huu hauonekani."

"Basi unaujuaje?"

 Ni kweli ni vigumu kumwambia mtu aliyepika miaka hamsini kwamba moto una kitu ambacho hajawahi kukiona. Mwishowe mwanawe akasema, "Jiko litoke, au moto uzimwe kila jioni, au wewe utoke. Moja."

 Mama aliketi kwenye kiti chake, akalitazama kaburi lililolowa mvua. Nilidhani atalia. Akasema, "Likitoka, nitakufa na baridi na utasema ni uzee. Tukiuacha moto uzimike kila jioni, asubuhi nikaombe wapi? Kwa nani? Kwa miwa?"

Na hapo mdomo wangu ukaongea kabla sijaupa ruhusa.

"Kwangu," nilisema. "Jikoni kwangu makaa yanalala kwenye majivu kila siku. Pale hapalali mtu, na paa liko wazi, upepo unaingia unatoka. Moto wa boma hautazimika. Utakuwa umelala upande wa pili wa ua tu."

Walinitazama wote wawili. Niliona labda nimevuka mpaka, mfanyakazi kumwambia mwenye nyumba aje kuomba moto kwake.

Mama akauliza, "Na ukininyima?"

"Sitakunyima, Mama."

"Wanawake wa Seme wana mkono mgumu. Tunawajua."

Mwanawe hakuridhika. Alisema ataacha jambo hilo mpaka mvua zipungue. Siku akirudi, akimkuta na kichwa tena, hataki kusikia habari za mahindi wala gunda, anampakia. Mama akasema sawa. Alisema sawa kama mtu anayeweka mkono wake juu ya karata.

Kabla mwanawe hajaondoka alimtafuta mtu wa kazi ya paa, na wale wanaume wawili wakalivuta jiko nje ya mdomo wa meko kwa nondo na matusi. Waliteremsha ndani ya chimni gunia la mkonge lililojazwa mawe, limefungwa kamba, wakalipandisha na kulishusha. Yalianguka masizi magumu, yenye kung'aa kama lami, na kiota kizima cha ndege chenye matawi ya mkaratusi. Mtu wa paa alisema masizi ya namna ile hutokana na kuni mbichi, na siku moja yangewaka yenyewe, chimni yote ingelia kama treni. Kuni mbichi ndizo tulizokuwa tukichoma. Niliziona zikilia maji mwishoni na nikapenda ile sauti, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Kamba mpya ya mlango ilitoka soko la Kibuye, Kisumu, wiki iliyofuata, ikaletwa na dereva wa lori la miwa ikiwa imefungwa kwenye gazeti.

Jiko lilirudishwa mahali pake, na baada ya hapo tuliishi nalo kama mtu anavyoishi na ng'ombe mwenye pembe. Kuni nilizipasua na kuzipanga chini ya bati zikauke, na zilizolia maji nilizirudisha. Mkia ulivutwa nje kabla kiberiti hakijaguswa, na ulibaki nje mpaka chuma kipoe. Dirisha la nyuma ya kiti liliachwa wazi upana wa vidole viwili, na Mama alijifunga leso shingoni kulijibu. Baada ya chakula cha jioni hakuna kuni tena. Nilikaa naye mpaka nilione kaa la mwisho limekuwa kijivu, na hayo majivu niliyatoa asubuhi kwenye debe la bati, nikaliweka juu ya jiwe uani, kamwe si kwenye veranda ya mbao. Mara nyingi nilirudi kukagua tena. Nilikuwa nikitoka, nikisimama uani, nikijiuliza kama kweli nimeona au nimetaka kuona, nikirudi.

"Umesahau nini?" alikuwa akiuliza kutoka kitandani.

"Sijasahau, Mama. Naangalia."

"Ulishaangalia."

"Naangalia tena."

"Haya. Mwangalie na mzee hapo nje kama bado yuko."

Asubuhi ya kwanza nilidhani hatakuja. Nilifukua makaa, nikaweka sufuria ya chai, nikangoja. Nilikuwa tayari kumpelekea moto mwenyewe na kusema hakuna neno. Kisha nikasikia miguu kwenye nyasi zenye maji, polepole, ikisimama, ikianza. Alikuwa amevaa sweta la marehemu, amebeba kigae cha chungu. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango kama inavyopasa.

"Hodi wenye nyumba."

 Tangu nihamie kule hakuna mtu aliyewahi kunibishia hodi.

"Karibu. Oyawore, Mama," nilimsalimu kwa salamu yetu ya asubuhi.

"Oyawore. Mmelalaje hapa?"

Sikuwa na "sisi". Nilikuwa peke yangu na paka. Lakini swali lilikuwa limeulizwa, na lilistahili jibu. "Tumelala salama. Na kwenu?"

"Kwetu kumelala salama. Moto umetufia tu."

"Pole. Mnataka kupika nini?"

"Tunataka kuota. Huko kwetu ni wazee."

Nikamwekea makaa matatu kwenye kigae, nikayafunika kwa majivu kidogo yasiruke. Nikatembea nyuma yake uani, mikono yangu ikiwa tayari, lakini hakuyumba. Kichwa, niliuliza. Akasema, "Kichwa gani?"

Akaja kila siku. Siku nyingine alikaa kwenye kigoda changu akanywa chai kwanza, akaniuliza habari za watu wa nyumba yangu ambao hawakuwepo, nami nikambunia: yule mkubwa ameenda sokoni, yule mdogo ana kikohozi. Alisema pole kwa kikohozi. Sijui kama ni upumbavu. Nilikuwa mtu mzima. Lakini nitasema ukweli, nilikuwa naamka kabla ya jogoo nikifagia mlango kwa ajili ya mgeni.

Mwanawe alirudi mvua zilipopungua, na nyuma ya pikapu alikuwa ameweka godoro na kamba za kufungia kitanda. Alifika jioni, akalala sebuleni, dirisha likiwa wazi upana wa vidole viwili. Asubuhi alisimama verandani akiwa na blanketi mabegani na kumwona mama yake akivuka ua peke yake, kigae mkononi, kiatu kimoja cha mpira kikiwa kimeingia maji na kulia kila hatua.

"Mama! Unaenda kuomba moto kwa mfanyakazi wako?"

Hakugeuka. "Kwa jirani yangu," alisema. "Na wewe usipige kelele, watu wamelala."

Aliporudi na makaa alimkuta mwanawe amesimama mlangoni amemzuia njia. Mama akamtazama kuanzia miguuni.

"Umeamka na kichwa?"

"Hapana, Mama."

"Mimi pia. Basi sogea, mikono inaungua."

Akasogea. Mkia ulikuwa umeshavutwa nje. Niliusikia mlango wa jiko ukifunguliwa, kuni kavu zikishika.

Mchana kijana aliondoka. Godoro alinishushia mimi, akasema langu limekwisha, jambo ambalo lilikuwa kweli. Mahali pa kitanda alipakia mahindi na ndizi. Nilifunga lango nyuma yake. Pikapu ikazama kwenye miwa, sauti yake ikafuata, kisha hakukuwa na kitu mpaka ziwani. Nilipogeuka, moshi wa chimni ulikuwa unapanda umenyooka, mweupe, mwembamba, moshi wa pekee katika upande ule wote wa mlima. Mama alikuwa dirishani. Aliinua mkono, sijui kwangu au kwa mzee. Niliinua wangu, ikiwa ni kwangu.